Msaragambo au wageni wa kujitolea? Ulinganisho kwa kamati ya shule inayotakiwa kuamua

Barua pepe ilimfikia mwalimu mkuu Jumanne. Ijumaa akaileta kwenye kikao cha kamati ya shule, imechapwa na kukunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Vijana 12 kutoka Ulaya wanaomba kuja mwezi wa saba kwa wiki mbili "kujitolea kujenga darasa". Kwenye ajenda hiyohiyo kulikuwa na jambo lililolala tangu mwaka jana: kuita msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) wa kupandisha boma la madarasa mawili hadi usawa wa lenta. Mwenyekiti akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Sasa tunachukua lipi?"

Mimi ni mwalimu mstaafu huku Upare mlimani, na kwenye kamati hiyo kazi yangu kubwa ni kukumbusha yaliyopita. Yote mawili nimeyaona. Mawe ya msaragambo nimeyabeba tangu nikiwa wa kaptura, na wageni wa kujitolea nimewapokea kama mwalimu, kisha kama mjumbe. Barua kama ile inazifikia shule nyingi, hasa za Kilimanjaro na Arusha, maana mgeni akishatua KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, kuja kuona mlima na mbuga, wiki mbili za kujitolea huungwa humohumo kwenye safari. Kwa hiyo haya namwandikia mjumbe mwenzangu ambaye kikao chake kiko wiki ijayo.

Kwanza tujue tunalinganisha nini

Kwa asiyetoka huku, msaragambo ni kazi ya wote kwa faida ya wote. Zamani baragumu lilipigwa jioni, na alfajiri kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Siku hizi mwenyekiti wa kitongoji anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, na kwa wazee wasio na simu anapita mwenyewe mlango kwa mlango. Ndivyo zinavyozibuliwa ndiva zetu, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Wachaga nao wameitunza mifongo yao, ile mifereji ya kumwagilia, kwa utaratibu wa namna hiyohiyo. Majirani wana yao: Wanyarwanda wana umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Waganda wana bulungi bwansi, Wakenya wana harambee, ingawa harambee siku hizi ni kuchangishana fedha zaidi kuliko kushika jembe.

Upande wa wageni ndiko kamati nyingi zinakoteleza, kwa kudhani mzungu wa kujitolea ni mzungu wa kujitolea tu. Kuna wanaokuja kukaa. Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, ilianzishwa Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake. Walifika kabla hata ya Uhuru, nao walikuwa wapima, wajiolojia na wahandisi. Waliondoka nchini 1969, wakarudi 1979. Mtu wao mmoja hukaa miezi 27, na mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo, Kiswahili kikiwa juu ya orodha. VSO ya Uingereza ilianza 1958, Wajapani walianza kutuma vijana wao 1965, na Wadenishi walifungua chuo karibu na Arusha mwaka 1967 ili watu wao wajue kusema kabla hawajagusa kazi.

Halafu kuna wa ile barua: kundi, wiki mbili, wamelipia kampuni ya huko kwao, asubuhi kazi na mwisho wa wiki Ngorongoro. Hao na wale wa kwanza wanafanana jina tu. Nikisema "wageni" bila kufafanua hapa chini, nina maana ya hao wa wiki mbili.

Kazi ya mikono

Kundi la kwanza nililolipokea lilikuja na moyo mzuri kuliko mikono. Sisemi kwa kejeli. Binti mmoja alichanganya zege mpaka viganja vikachubuka, akafunga kitambaa, akaendelea. Lakini siku ile fundi wetu alikuwa na kazi mbili, kujenga ukuta na kuulinda usijengwe ovyo. Wageni wakimaliza kupanga kozi ya tofali, yeye anapita nyuma yao na uzi na pima maji, anagonga hapa, anang'oa pale, huku anatabasamu. Saa kumi walipopanda gari lao, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia, "Mwalimu, leo nimejenga ukuta mara mbili na nalipwa mara moja."

Hayakutupata sisi tu. Mwaka 2014 Mmarekani mmoja aliyewahi kuja Tanzania na wanafunzi wenzake kujenga maktaba aliandika mwenyewe, bila kujificha, kwamba usiku mafundi wenyeji walikuwa wakiibomoa kazi yao na kuipanga upya, ili asubuhi wageni wasijue kitu.

Msaragambo nao hauna ujuzi wa ajabu. Tofauti ni kwamba kila mmoja anajua asichokiweza. Hakuna atakayemkabidhi mwiko mama aliyekuja na ndoo, wala mama mwenyewe hautaki. Watu 60 wanajipanga mstari kutoka korongoni hadi kiwanjani, jiwe linapita mkono kwa mkono, anayechoka anasogea kando na pengo linazibwa bila kelele. Vijana wanachimba mchanga, wanawake wanapandisha maji, wengine wamebaki na sufuria la makande chini ya mparachichi. Ukuta wenyewe unaguswa na fundi na wasaidizi wake wawili, basi. Kazi inayofaa kundi kubwa la watu wasio mafundi ni kubeba, na kwa kubeba hakuna wa kutushinda, kwa idadi wala kwa njia tunazozijua za mlima huu. Kumtoa kijana Ulaya aje kubeba mawe Upare ni kumwonea yeye na sisi pia.

Fedha

Hapa watu hupenda kupiga hesabu ya hasira, nami niliipiga. Tukadirie nauli ya ndege dola 800 kwa mtu. Vijana 12 ni dola 9,600, na kwa dola ya Sh 2,500 hiyo ni Sh milioni 24. Mwaka 2021, kwenye yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO, darasa moja lilitengewa Sh milioni 20. Yaani nauli yao peke yake ni darasa zima, na chenji ya madawati inabaki.

Hesabu ni sahihi, ila hitimisho lake siku hizi nalikataa. Fedha ile haikuwa yetu, na wasingeituma badala ya kuja. Hakuna kijana anayeuza tiketi yake ili akuletee saruji. Swali la kamati ni dogo zaidi, na lina jibu: katika kile wanachoilipa kampuni yao, shuleni kinafika kiasi gani? Kwa kundi lile la kwanza ilifika mifuko 30 ya saruji na ndoo nane za rangi. Kingine chote kiliishia kwenye kampuni, hoteli na magari. Kundi la pili tuliuliza mapema kwa barua, tukajibiwa kwa tarakimu, na kilichofika kilikuwa zaidi ya mara mbili. Kuuliza hakukumkwaza mtu. Sisi ndio tuliokuwa tunaona haya.

Na tuache kusema msaragambo ni bure. Mwenye kibarua cha Sh 10,000 akikiacha Jumamosi, ametoa Sh 10,000. Watu 60 kwa Jumamosi tisa, kama tulivyofanya kwenye boma la kwanza, ni Sh milioni 5.4, na zimetoka kwenye kaya ambazo nyingine hazina akiba hata ya kununua betri ya redio. Jasho hilo halinunui nondo wala bati. Ndiyo maana nchi nzima ukipita unakuta maboma yamesimama hadi lenta, vichaka vimeota ndani, yakisubiri fedha ya serikali ya umaliziaji. Nguvu za wananchi zilijenga madarasa mengi ya MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, kisha zikabeba shule za kata, lakini palepale zinapoishia panajulikana: kwenye paa.

Ikiharibika ataitwa nani?

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote.

Kundi la pili lilituachia tanki la maji ya mvua, kubwa, na mfumo wa kuchuja walioleta kutoka kwao. Ulikuwa mzuri kweli. Mwaka wa pili koki yake ikapasuka. Nililibeba lile koki kwenye mfuko wa rambo hadi Same, nikaambiwa nenda Moshi. Moshi mwenye duka la vifaa akaligeuza mara mbili, akasema, "Mzee, uzi wa hii si wa huku." Tuliwaandikia wageni, wakajibu kwa upole, kisha wakahama anwani au wakamaliza chuo, sijui. Tanki lilikaa kavu miaka miwili kasoro, mpaka kijana wa fundi bomba wa kijiji alipokata ule mdomo na kuuchomelea mwingine wa kawaida.

Chini ya shule kuna ndiva iliyokuwepo kabla babu yangu hajazaliwa. Inajaa tope kila baada ya masika, na kila mwaka inazibuliwa. Hakuna aliyesubiri kipuri. Ukuta wake ukibomoka, anayeitwa anaishi mita 200 kutoka pale, na asipokuja shamba lake linakosa zamu. Kuna watu wanaosifu mila hizi kana kwamba ni upendo mtupu. Upendo upo, lakini kinachoishikilia ndiva ni kwamba kila mmoja ana deni kwa mwenzake na kila mmoja anajulikana kwa jina.

Kwenye ukuta wa darasa la nne bado ipo ramani ya dunia waliyoichora kundi la kwanza. Imebanduka upande wa Asia. Madagaska walisahau kuichora, na kila mwaka kuna mtoto mmoja anayegundua.

Msaragambo una aibu zake

Ningeishia hapo ningekuwa nadanganya, maana wapo wanaoukimbia msaragambo na wana sababu.

Kwanza, hesabu wanawake. Kaya inatakiwa kutoa mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni mama, kwa kuwa baba yuko Dar es Salaam au "ana udhuru". Mama huyohuyo ndiye aliyeamka kukamua na ndiye atakayepika jioni. Siku nilipokaa na daftari la mahudhurio nikaweka alama, majina ya kike yalikuwa zaidi ya nusu, na kwenye kamati ya ujenzi ya watu tisa wanawake walikuwa wawili. Tumeanza kurekebisha hilo, taratibu mno.

Pili, lazima. Faini kwetu ni Sh 5,000 au siku mbili za kazi wiki inayofuata. Mwenye nazo anatoa 5,000 na kubaki na shughuli zake, asiye nazo anabeba mawe siku mbili. Watu wa huku wana kumbukumbu ndefu ya kulazimishwa. Mwaka 1945 wazee wetu walimiminika Same kuikataa kodi ya mbiru, na mwaka 1955 Waluguru nao waliyakataa matuta ya amri ya mkoloni. Mtendaji anayetishia watu kwa mgambo ili waje kwenye msaragambo anachokoza kidonda cha zamani, na kwa kawaida atapata watu kumi na majembe yasiyo na mpini.

Tatu, na hii ndiyo iliyotuua mwaka juzi, mapato na matumizi. Kulikuwa na michango ya saruji. Haikusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kikao cha kwanza wala cha pili. Huenda haikuliwa, lakini haikusomwa. Msaragambo uliofuata tulikuja watu 14, mmoja wao mwenda wazimu wa sokoni ambaye huja kokote penye makande. Wananchi hawakugombana na mtu, walikaa nyumbani tu.

Na tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hakutoa mchango au hakufika kazini. Wapo walimu wakuu wanaosahau. Wasikumbushwe na afisa elimu, wakumbushwe na kamati.

Penye ujuzi mgeni anashinda, akikaa

Sekondari ya kata niliyomalizia kazi haikuwa na mwalimu wa Fizikia kwa miaka mitatu. Kisha akaja mgeni wa kukaa miaka miwili. Miezi ya kwanza wanafunzi walimcheka matamshi, miezi ya mwisho walimwiga. Alifundisha umeme kwa betri za tochi na nyaya za redio mbovu, na waliofaulu Fizikia mwaka ule wapo, mmoja wao sasa ni fundi wa TANESCO. Hilo msaragambo usingetupa hata tungepiga baragumu mwezi mzima.

Ila hata huyo wa muda mrefu hushikwa na mambo ya kwao. Machi 2020, korona ilipoingia, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani kwa mkupuo. Shule iliyokuwa imemtegemea mmoja ilibaki na ratiba yenye mapengo. Kwa hiyo ukipewa mgeni mwenye fani, muunganishe tangu wiki ya kwanza na mwalimu wa hapa atakayebaki. Kama hamna wa kumuunganisha naye, jueni mnaazima, na siku ya kurudisha itafika.

Hapa kuna kundi la tatu ambalo kwenye ulinganisho wa namna hii husahaulika kila mara: vijana wetu waliomaliza ualimu, hawajapata ajira, na wanajitolea. Sisi tunaye mmoja wa Hisabati. Wazazi wanachanga, anapata Sh 80,000 kwa mwezi miezi wanayochanga. Anatoka kitongoji cha tatu kwa miguu. Yule mgeni wa wiki mbili analipa ili ajitolee na anarudi kwao ana cheti, huyu anajitolea akisubiri orodha ya majina ya ajira, na hakuna anayempiga picha. Kama kamati ina fedha ndogo na inajiuliza iitumie kuwakirimu wageni au kumwongezea huyu posho, mimi sioni hata pa kusitasita.

Watoto na vibali

Kwa kifupi. Viza ya utalii si ya kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Anayejitolea kwa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi, kwa kawaida daraja C. Msikubali maneno ya "tutashughulikia tukifika", maana Uhamiaji wakija watakaoulizwa kwanza ni ninyi mliompokea. Mgeni asifundishe peke yake darasani bila mwalimu, asilale na watoto bwenini, asitibu mtu kama hana leseni ya hapa. Picha za watoto ziombewe ruhusa kwa mzazi.

Na kama barua inataja kituo cha yatima cha kutembelea, kaeni mbali. Watoto wengi wanaolelewa vituoni duniani wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na wageni wanaobadilika kila wiki mbili ni sababu mojawapo ya vituo vingine kuwapo.

Sisi tulivyoamua

Boma tulilipeleka kwenye msaragambo, Jumamosi nane, kwa masharti matatu yaliyotoka kwa akina mama: daftari la mahudhurio lisainiwe na mtu aliyefika mwenyewe, wajumbe wa kamati wawe wa kwanza kwenye mstari wa mawe, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla ya kila Jumamosi. Hilo la mwisho ndilo lililorudisha watu.

Wageni hatukuwakataa. Tuliwaandikia barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha mwalimu mkuu. Tuliwaambia mawe tunayo na wabebaji tunao, tunachokosa ni bati 120 za geji 28 pamoja na mbao, na mtu wa kutusaidia kufunga umeme wa jua kwenye madarasa mawili huku akimfundisha kijana wetu mmoja hatua kwa hatua. Tukaomba kiasi kitakachofika shuleni kiandikwe. Tukaongeza kuwa kila kifaa watakacholeta kiwe na kipuri kinachouzwa Moshi. Na kama wanapenda kufanya kazi kwa mikono, waje Jumamosi, wasimame kwenye mstari kama wengine, katikati ya watu wa kitongoji, si peke yao kwenye ukuta.

Mwalimu mkuu aliogopa barua ile ni kali. Walijibu baada ya wiki tatu: watakuja wanne badala ya 12, mmoja wao fundi umeme aliyestaafu, atakaa miezi mitatu, na fedha ya bati itatumwa kwenye akaunti ya shule kabla. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaiweka mezani, akauliza kama huyo mzee anakula makande.